Kariakoo: Hesabu ya Watu Wasioulizwa



Kila siku maelfu ya watu hulitamka jina la Kariakoo: makondakta wa daladala, wachuuzi, wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo lilikuwa la watu kabla ya kuwa la soko. Wiki hii napenda tulitafakari, kwa sababu ndani yake limo swali gumu la maadili: je, ni halali kuutoa uhai wa mtu mmoja ili kuokoa uhai wa wengi?

Wanafalsafa hulieleza swali hili kwa mfano. Mwaka 1967 Mwingereza Philippa Foot aliandika juu ya dereva wa tramu isiyoweza kusimama. Mbele yake wako watu watano relini. Akiigeuzia kwenye reli ya pili, atamuua mmoja. Wengi wetu tutasema aigeuze. Lakini tukiambiwa kwamba daktari anaweza kuwaponya wagonjwa watano kwa kumuua mtu mmoja mwenye afya na kuwagawia viungo vyake, tunashtuka na kukataa. Hesabu ni ile ile, watano kwa mmoja. Mbona jibu linabadilika?

Turudi kwenye historia yetu. Tarehe 4 Septemba 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam. Magharibi ya mji Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi mkubwa, nao Waingereza wakapafanya mahali hapo kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalitengeneza jina, likawa Kariakoo. Mjini Nairobi nako mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kikosi hicho hicho.

Kwa nini jeshi la karne ya 20 lilihitaji wapagazi? Kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda, na magari yalizama katika matope ya masika. Ilibaki mizigo ibebwe kichwani. Na hapo hesabu ilikuwa ya kutisha. Tukichukua mtu mwenye mzigo wa kilo 25 za chakula, naye akala kilo 1 kwa siku, basi safari ya siku 12 kwenda na siku 12 kurudi inaumaliza karibu mzigo wote, na askari aliye mbele hapati kitu. Kwa hiyo wapagazi waliongezwa na kuongezwa, na mgawo wao wa chakula ulikuwa wa kwanza kupunguzwa. Waliochukuliwa na Waingereza katika kampeni nzima wanakadiriwa kufikia milioni 1, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, na wanahistoria wengine husema zaidi. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wajerumani nao waliwatumia watu wetu vivyo hivyo, na majeshi yote mawili yalinyang'anya chakula vijijini.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu kabla ya kuutazama mtanziko wenyewe. Mapema mwaka 1917 mvua kubwa zilifurika bonde la Rufiji. Huko walikuwako askari kutoka Nigeria, Waafrika kama wapagazi wenyewe, wakiteseka kwa njaa. Ofisa aliyekuwa na dhamana ya chakula angeweza kusema: nikiwazuia wapagazi wasipite katika mafuriko haya, askari watakufa, nikiwapeleka, baadhi ya wapagazi watakufa njiani. Hilo ni swali la kweli, na mtu mwema angeweza kukesha akiliwaza.

Mapokeo ya Kanisa, tangu Mtakatifu Thomas wa Akwino, yanatupa mwanga hapa. Yanatofautisha kati ya kutenda jambo jema huku ukiona kwamba madhara yatafuata bila wewe kuyakusudia, na kumfanya mtu awe chombo, kifo chake kiwe ndiyo njia yako ya kufikia lengo. Dereva wa tramu hamhitaji yule mmoja. Angefurahi kama reli ya pili ingekuwa tupu. Daktari yule anamhitaji afe. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Veritatis Splendor wa mwaka 1993, alikataa fundisho kwamba matokeo peke yake yaweza kulifanya tendo ovu kuwa jema.

Je, wapagazi walikuwa upande gani? Kumtuma mtu katika njia ya hatari si lazima iwe kumuua. Lakini anayetumwa ana haki ya kulishwa, kutibiwa, kulipwa na kuulizwa. Wapagazi wengi hawakuulizwa. Walipewa unga ambao haukupikwa ukaiva, wengine wakitoka katika makabila yasiyozoea mahindi, na matumbo yao yakaharibika. Vifo hivyo havikuwa bei ya kuwaokoa wenye njaa Rufiji. Vilikuwa tunda la kutojali. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika baadaye kwamba kampeni ile iliponea chupuchupu kuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi Waafrika, na nani angewajali hao.

Hapo ndipo hesabu ya “mmoja kwa wengi” inapojifichua. Anayeipiga kwa kawaida hayuko relini. Kayafa, Kuhani Mkuu, alipowaambia wenzake kuwa inafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa, hakujitaja yeye mwenyewe. Kinyume chake ni Mtakatifu Maximilian Kolbe. Mwaka 1941 huko Auschwitz, watu kumi walipohukumiwa kufa kwa njaa, alijitokeza ashike nafasi ya mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, ambaye aliishi hadi mwaka 1995. Uhai wangu naweza kuutoa. Uhai wa jirani si wangu kuutoa.

Tarehe 16 Novemba 2024 swali hili lilirudi Kariakoo. Jengo la ghorofa nne liliporomoka asubuhi, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Kwa siku kadhaa waokoaji walifanya kazi juu ya kifusi, huku waliokwama chini wakipelekewa hewa na maji. Katika kazi ya namna hiyo kila zege linaloinuliwa linaweza kumfungulia mmoja na kumwangukia mwingine. Zaidi ya watu 80 waliokolewa wakiwa hai. Baadaye serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ndivyo ilivyo mara nyingi: sisi tunamtazama dereva wa tramu na kumwuliza atageukia wapi, wakati ilitupasa kuuliza mapema nani aliacha breki ziharibike.

Ukitoka Kariakoo ukapita Mnazi Mmoja, ukashika barabara ya Samora, utaifikia Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Basi, ndugu yangu, siku utakapokwenda sokoni ukamwona kijana anasukuma mkokoteni au ameinamia gunia mgongoni, mpishe, umlipe ujira wake bila kumpunja, na umwulize jina lake. Nao wapagazi wale, tuwaombee pumziko la milele.