Bisibisi, Kompyuta na Moshi wa Jirani

Zamani injini ya pikapu haikuwa na siri. Ulifungua boneti, ukaiona kabureta, ukaiona distribyuta, ukaziona waya za plagi zimejipanga. Fundi mwenye bisibisi na sikio zuri alitosha. Anageuza skrubu, anasikiliza, anarudisha kidogo, anasikiliza tena. Gari linakunywa mafuta? Anapunguza. Halina nguvu mlimani? Anasogeza taimingi ili cheche iwahi kidogo. Hakumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa hivyo Marekani kwenye viwanda vyenyewe vya magari, na ilikuwa hivyo kwenye gereji zetu za chini ya mwembe.

Leo kijana wa Texas au Utah mwenye pikapu yake ya Ford, Ram au Chevrolet hashiki bisibisi. Anashika kisanduku chenye kioo na vitufe, kinaenea kiganjani. Wenyewe wanakiita tyuna. Anachomeka waya wake chini ya usukani, anabonyeza, na baada ya dakika chache pikapu imebadilika tabia. Kutoka bisibisi hadi kisanduku kile ni safari ndefu, na ndani yake kuna ugomvi ambao mpaka leo haujaisha. Injini ni ya nani hasa? Ya aliyeiunda, ya aliyeinunua, au ya jirani anayevuta moshi wake?

Ugomvi wenyewe ulianzia Los Angeles. Julai 1943, katikati ya vita, jiji lilifunikwa na ukungu mchungu, watu wakatokwa machozi barabarani. Wengine wakadhani Wajapani wamewapiga kwa gesi ya sumu. Kumbe adui ameegeshwa mlangoni kwao! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba moshi wa magari na wa mitambo ya mafuta, ukipigwa na jua, ndio unaozaa ukungu ule. Wakubwa wa biashara walibisha, lakini hoja ilikuwa imeshasimama. Mwaka 1967 jimbo la California liliunda bodi yake ya kulinda hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya hewa safi iliyowataka watengenezaji wapunguze sehemu kubwa ya uchafu wa magari mapya, asilimia 90, tena ndani ya miaka michache tu.

Hapo ndipo bisibisi ilipoanza kufa. Kuanzia magari ya mwaka 1975 kilifungwa kwenye eksozi kifaa cha kuunguza gesi chafu, na matoleo yake yaliyofuata yalitaka mchanganyiko usioyumba, yaani karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sasa fundi gani atakishika kipimo hicho kwa skrubu, gari likipanda, likishuka, likipata joto, likisimama kwenye taa? Hakuna. Kazi ile ikapewa kompyuta. Inapima hewa, inanusa moshi kwa sensa, inaamua mafuta kiasi gani na cheche wakati gani. Ilipofika karibu 1990 kabureta ilikuwa imekwisha karibu yote kwenye magari mapya ya Marekani.

California ikaongeza sharti kwamba, kuanzia magari ya 1988, kompyuta ijichunguze na kuwasha taa ikiona hitilafu. Kufikia magari ya 1996, nchi nzima ilidai kila gari dogo jipya, pikapu ikiwemo, liwe na soketi ya namna moja chini ya dashibodi, yenye nafasi 16 za pini, ili mkaguzi na fundi yeyote waweze kusoma hitilafu. Msomaji, shika hapo. Soketi ile iliwekwa ili kukamata uchafu. Ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa tyuna.

Maana wajanja hawalali. Katika miaka ya 1980 walikuwa wanafungua kompyuta ya gari, wanachomoa chipu ya kumbukumbu na kuweka ya kwao. Kazi ngumu hiyo, ukikosea umeua kompyuta. Halafu watengenezaji wenyewe wakaleta kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya bila kufunguliwa, ili wakiona kosa walirekebishe kwa kupitia ile soketi. Bwana, mlango ukishakuwepo hauchagui anayeingia! Wenye biashara ya chipu wakaunda kisanduku cha mkononi, na kazi ya gereji ikahamia kwenye kiti cha dereva.

Hebu tuangalie inavyokwenda. Unachomeka, unawasha swichi bila kustua injini. Kisanduku kinasoma namba ya chasisi na kujua gari gani liko mbele yake. Kisha kinanakili maandishi ya kiwandani na kuyaweka pembeni, ili siku ukitaka urudi ulipotoka. Kinakuuliza unatumia petroli ya daraja gani, matairi yako ukubwa gani, unavuta trela au huvuti. Ukishajibu, kinafuta na kuandika upya. Dakika hizo usiguse kitu, na hakikisha betri ina nguvu. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kubaki kama daftari lililochanwa, na gari lisiwake kabisa. Tyuna nyingi hujifunga kwenye gari moja. Huwezi kuipeleka kwa rafiki mpaka urudishe kwanza maandishi ya kiwandani kwenye gari lako.

Kinachoandikwa ni majedwali ya namba. Kwa mzunguko huu na mzigo huu, mafuta kiasi hiki, cheche wakati huu, gia ibadilike hapa. Kiwanda huandika namba za tahadhari, kwa sababu hakijui kama gari litaendeshwa jangwani au kwenye theluji, na mzee mwangalifu au na kijana mwenye haraka. Tyuna inaila ile tahadhari. Kwenye injini ya petroli isiyo na tabo faida yake ni ndogo, na mara nyingi inadai petroli ya daraja la juu, la sivyo injini itagonga. Kwenye dizeli yenye tabo mambo ni mengine kabisa. Ongeza mafuta, ongeza msukumo wa hewa, na nguvu inapanda kwa kishindo. Joto nalo linapanda. Ukizidisha, pistoni zinayeyuka na gia boksi inasalimu amri. Mwenye tamaa hujilipia mwenyewe, na kama mambo yangeishia hapo tungemwacha na gari lake.

Lakini hayakuishia hapo. Kuanzia pikapu za dizeli za mwaka 2007, sheria ya Marekani ilizibana mpaka zikafungwa kichujio cha kunasa masizi. Kichujio kinajaa, inabidi kiunguzwe, kinakula mafuta, na kikiharibika bei yake inaumiza. Basi wenye pikapu wengi wakakikata na kuweka bomba tupu. Kompyuta ingegundua na kugoma. Tyuna ndiyo iliyoifunga mdomo. Vijana wengine wakaona isiwe taabu, wakaandika mafuta mengi kupita kiasi makusudi, pikapu iteme moshi mweusi kama treni ya makaa, wakauita mchezo.

Mwaka 2020 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa hivyo katika muda wa mwongo mmoja hivi. Uchafu wake wa ziada, likasema, ni kama kuongeza barabarani pikapu nyingine zaidi ya milioni tisa zilizo nzima. Huo moshi haukai na dereva. Dereva kafunga vioo. Anaupata mtoto mwenye pumu anayengoja basi la shule.

Serikali ikawafuata wauzaji. Mwaka 2013 kampuni ya Edge Products ya Utah ilikubali kulipa dola 500,000 kwa kuuza tyuna zaidi ya 9,000 zilizowezesha kung'oa vichujio, pamoja na kugharimia mpango wa kubadilisha majiko ya zamani ya kuni ili hewa ipate nafuu. Mwaka 2015 ikafuata H&S Performance, dola milioni moja.

Hadi hapa hadithi ni nyepesi, kijana mkorofi na serikali yenye busara. Ila historia haipendi wepesi. Mwaka 1998 watengenezaji saba wa injini kubwa za dizeli walibanwa na serikali hiyo hiyo. Kompyuta zao zilikuwa zimeandikwa hivi: gari likiwa kwenye majaribio, kuwa safi, likishika barabara kuu, jiachie. Injini zenyewe zilikuwa kama milioni 1.3. Mwaka 2015 Volkswagen ikakamatwa kwa mchezo wa namna hiyo, magari kama milioni 11 duniani kote. Kwa hiyo kosa la kijana mwenye kisanduku, wakubwa walishalifanya kiwandani, kwa mafungu, wakiwa na tai shingoni. Tena walilifanya katika maandishi ambayo mnunuzi hakuruhusiwa kuyasoma.

Ndiyo, hakuruhusiwa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kidijitali, na watengenezaji wakaitumia kusema kwamba programu ya ndani ya gari ni yao. Kampuni ya matrekta ya John Deere ilieleza mwaka 2015 kwamba mkulima aliyenunua trekta amepewa idhini tu ya kuitumia programu yake. Umelipia ng'ombe, maziwa unaazimwa! Mwaka huo huo wa 2015 ulitolewa msamaha wa kisheria, ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata, wa kumruhusu mwenye gari au trekta kuifungua programu ili atengeneze au arekebishe kihalali. Sheria za hewa zikabaki palepale. Huo ndio mstari ninaouona mimi: kusoma na kuelewa injini yako ni haki yako, kuandika ndani yake kitu kitakachoingia kwenye mapafu ya mwingine si haki ya mtu, awe kijana wa mtaani, awe kiwanda.

Na sisi je? Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa yana kompyuta, na ndani ya kompyuta hiyo mtu ameshaandika. Pengine ni kiwanda, pengine mwenye gari wa kwanza. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kudai dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua nzuri, maana salfa nyingi huua vifaa vya kusafisha moshi. Lakini dizeli nzuri haisaidii kitu kama kichujio kimeng'olewa na kompyuta imefundishwa kunyamaza.

Tunaopenda kuandika tumezoea kudhani maandishi yako kwenye vitabu na magazeti tu. Haya nayo ni maandishi, na yanasomwa na mashine mara nyingi kwa sekunde moja, na matokeo yake yanatoka kwa nyuma ya gari, yanapanda daladala na matatu pamoja na sisi. Fundi wa zamani alijua skrubu ameizungusha kiasi gani, na ukimuuliza alikuonyesha. Fundi wa leo mwenye kisanduku muulize hivyo hivyo: umesoma nini humu ndani, na umeandika nini? Akishindwa kujibu, chukua ufunguo wako, tafuta mwingine.