Kitoni na Ngeli Yake: Safari ya Kumtambua Mnyama wa Magamba Manane

Maji ya bamvua yakipwa usiku, mwamba wa matumbawe ya kale katika pwani ya Afrika Mashariki hupata uhai. Kwenye vishimo vya jiwe hutoka mnyama bapa, mwenye umbo la yai, aliyevikwa mgongoni magamba manane yaliyolaliana kama vigae vya paa. Pembezoni amezungukwa na mkanda mgumu wa nyama uliojaa miiba ya chokaa. Hutambaa taratibu akikwangua mwani juu ya jiwe, na akishashiba hujibanza tena mahali pake. Ukijaribu kumbandua kwa mkono utachoka wewe kabla yake.

Wataalamu humwita *Acanthopleura gemmata*, na kundi lake lote ni la vitoni. Jina hilo asili yake ni Kigiriki, lenye maana ya vazi la mwili mzima linalofanana na kanzu. Carolus Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyeliingiza katika orodha ya viumbe mwaka 1758.

Lilipofika katika Kiswahili, neno hili lilikuja na somo ndani yake. Kwa umbo, kitoni ni neno la ngeli ya KI-VI kama kiti na kisu. Hata hivyo hatusemi kitoni kinatambaa. Twasema anatambaa, kama tusemavyo kifaru anakimbia na kipepeo anaruka. Umbo la neno hutoa dokezo, lakini upatanisho ndio unaokata shauri. Wanabiolojia nao wameazima neno hilohilo, ngeli, kutaja kundi kubwa la viumbe, na kosa la mwanafunzi wa sarufi anayetazama kiambishi peke yake limewapata pia mabingwa wa sayansi. Historia ya kumtambua kitoni, awe hai au awe kisukuku, imejaa watu walioshika kipande kimoja wakakipa ngeli, hadi wengine walipokuja kuuliza kipande hicho kinapatana na nini.

Kuhesabu magamba

Linnaeus alihesabu magamba. Vitoni wana magamba mengi, basi akawaweka pamoja na viumbe wengine wa magamba mengi. Katika kundi hilo walikuwamo wale wadogo wanaoganda kwenye matumbo ya majahazi, ambao leo twajua kuwa ni jamaa wa kamba na kaa, pamoja na chaza wanaotoboa miamba. Watatu hao hawana undugu wa karibu hata kidogo. Walichoshirikiana ni hesabu ya vipande tu.

Georges Cuvier wa Ufaransa alitazama mwili wenyewe. Aliona mguu mpana wa kutambalia na matamvua yaliyopangwa kuuzunguka, akamhamishia kitoni kwa konokono, jirani na wale wenye kombe moja lenye umbo la kofia. Hiyo ilikuwa hatua mbele, ingawa mahali hapo papya hapakuwa nyumbani kwake. Mwaka 1821 Mwingereza John Edward Gray aliwapa vitoni kundi lao wenyewe, Polyplacophora, yaani wabeba magamba mengi. Jina hilo ndilo la ngeli yao hadi leo.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutofautisha spishi moja na nyingine. Rangi na michoro ya mgongoni ilikuwa ya kwanza kuvuta macho, nayo hudanganya. Kitoni wa ukanda wa mawimbi hulika mgongo kwa miaka, na magamba yake husagika hata nakshi isibaki. Philip Carpenter, Mwingereza aliyehamia Montreal nchini Kanada, alitilia mkazo sehemu iliyofichika: kingo za ndani za gamba zinazozama katika mkanda wa nyama, pamoja na mipasuo iliyochanjwa humo. Wapo vitoni ambao kingo hizo hawana kabisa, wapo wenye mipasuo michache, na wapo wenye mipasuo mingi. Carpenter alifariki mwaka 1877 kabla kitabu chake hakijatoka. Miswada yake ilimsaidia Henry Pilsbry wa Philadelphia kuandika, kati ya mwaka 1892 na 1894, juzuu mbili zilizotandaza msingi wa uainishaji wa vitoni wote. Karibu karne moja baadaye, Piet Kaas na Richard Van Belle walianza mwaka 1985 kuchapa mfululizo wa juzuu za kuwaeleza vitoni walio hai, spishi baada ya spishi. Leo spishi hai zinazojulikana zinakaribia 1000, na za visukuku zimepita 400.

Magamba yaliyotawanyika

Ugumu mkubwa uko kwenye visukuku. Kitoni akifa, mkanda unaoza na magamba manane yanasambaa. Gamba la kichwa lina umbo lake, la mkiani lina lake, na sita ya katikati yana lao. Mchimbaji anayeokota moja kati ya hayo ni kama mtu aliyesikia silabi moja akatakiwa kutaja sentensi nzima.

Mara nyingine silabi moja inatosha. Mwaka 1791 Giuseppe Saverio Poli wa Napoli alimweleza kitoni wa bahari ya Mediteranea ambaye sasa huitwa *Lepidopleurus cajetanus*. Magamba yake yana matuta mazito yaliyopangika kama ngazi, alama isiyo rahisi kuichanganya na nyingine. Magamba ya namna hiyo yamepatikana pia katika miamba ya Ulaya yenye umri wa mamilioni ya miaka. Huyu ni kisukuku na ni jirani aliye hai, kwa jina lilelile, na aliye hai ndiye anayetusaidia kumsoma aliyegeuka jiwe.

Kadiri tunavyorudi nyuma, msaada huo unapungua. Mwaka 1885 Charles Walcott, Mmarekani aliyebobea katika visukuku vya kale sana, alieleza vipande vya ajabu kutoka Saratoga, New York, katika miamba ya mwisho wa kipindi cha Kambriani, karibu miaka milioni 490 iliyopita. Vilikuwa vinene, vimechongoka, na kila kimoja kilikuwa na mashimo mawili marefu kwa chini. Aliviita *Matthevia* na kuvihesabu miongoni mwa konokono wadogo wanaoogelea baharini. Mwaka 1966 Ellis Yochelson aliona hilo haliwezekani. Alimfikiria mnyama mwenye magamba mawili, moja mbele na moja nyuma, akamwanzishia ngeli mpya ya viumbe waliotoweka.

Mwaka 1979 Bruce Runnegar na wenzake walileta vielelezo vipya kutoka Wisconsin nchini Marekani na Queensland nchini Australia. Hawakukitazama kipande kimoja kwa upweke wake. Walilinganisha maumbo tofauti ya vipande, wakaona kwamba yanakubali kupangwa kwa safu, mbele, katikati na nyuma, kama magamba ya mgongo mmoja. *Matthevia* alikuwa kitoni, miongoni mwa wa kale zaidi tunaowajua. Jiwe la Saratoga lilikuwa lilelile la Walcott. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa juu yake.

Hata nambari nane, tunayoidhani muhuri wa ukoo, imepata changamoto. Mwaka 2004 kilitangazwa kisukuku kamili kutoka Indiana, *Polysacos vickersianum*, chenye magamba 17 yakiwa bado mahali pake. Kiligundulika kuwa jamaa wa vitoni, kikaeleza vipande vya namna hiyo ambavyo vilikuwa vimewahangaisha watafiti kwa muda mrefu. Mwaka 2012 Mark Sutton na wenzake walimtoa *Kulindroplax* katika miamba ya Herefordshire, Uingereza, yenye umri wa miaka milioni 425. Walimsaga tabaka kwa tabaka, wakapiga picha kila hatua na kumjenga upya kwa kompyuta. Alikuwa na magamba saba mgongoni na mwili mrefu kama mnyoo. Akawa ushahidi mkubwa kwamba wanyama laini wa baharini wanaofanana na minyoo, wasio na gamba lolote, ni ndugu wa vitoni. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulikuwa umeelekeza huko huko.

Alama za ndani

Kwa vitoni hai, upatanisho umeendelea kutafutwa mahali ambapo macho ya Linnaeus hayakufika. Katika miaka ya 1880 Henry Moseley alionyesha kwamba baadhi yao wana macho yaliyopachikwa ndani ya magamba. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba lenzi za macho ya *Acanthopleura granulata* wa Karibi ni za aragoniti, yaani madini yaleyale yanayojenga gamba lake. Mwaka 1962 Heinz Lowenstam aligundua kuwa meno ya vitoni yana magnetiti, madini ya chuma yenye tabia ya sumaku, na ndiyo sababu yanaweza kukwangua jiwe. Boris Sirenko wa Urusi, katika mfumo aliouchapisha mwaka 2006, aliyasoma magamba pamoja na mpangilio wa matamvua na maganda ya mayai. Hakuna alama hata moja iliyoachwa itawale peke yake.

Hapo ndipo tunaporudi pwani kwetu. *Acanthopleura gemmata*, aliyepewa jina na Henri de Blainville mwaka 1825, alikuja kuitwa pia *Chiton spiniger* mwaka 1840, na majina yote mawili yalitumika kwa muda mrefu kabla ya kutambuliwa kuwa ni ya mnyama mmoja. Katika mwambao huu anaishi pia ndugu yake, *Acanthopleura brevispinosa*, ambaye jina lake lenyewe lasema ni mwenye miiba mifupi. Migongo yao ikishalika na mawimbi, miiba ya mkanda ndiyo inayomsaidia mtafiti kuwatenganisha. Kwa sababu hiyo, anayekusanya magamba matupu ufukweni hukusanya nusu ya ushahidi. Mkanda uhifadhiwe pamoja na magamba, mahali pa kuokotwa paandikwe, na jina analotumia mvuvi wa kijiji kile liandikwe kando yake, kwa kuwa nalo ni uainishaji wa watu waliomwona mnyama huyu akiishi.

Mwamba anaoukwangua kitoni wetu ni matumbawe yaliyogeuka jiwe, jamaa wa mawe yaliyojenga misikiti na nyumba za Kilwa, Gede na Lamu. Kila usiku wa maji kupwa, mnyama aliye hai anakula juu ya kisukuku. Siku moja magamba yake nayo yatalala katika tabaka la jiwe, yametengana, moja huku na jingine kule. Atakayeyaokota atahitaji kujua kwamba yalikuwa ya mgongo mmoja.