Wasoma Udongo: Watafiti wa Uwandani na Msamiati Wetu

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno mbuga, mara nyingi hujibu kwamba ni mahali pa wanyama pori. Jibu hilo si kosa, lakini ni nusu ya jibu. Kwa mkulima wa Usukuma, mbuga ni udongo: ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Maana hii ya pili ndiyo iliyoingia katika vitabu vya sayansi ya udongo, hata mtaalamu asiyejua Kiswahili akaizoea. Makala hii inaeleza kwa ufupi jinsi ilivyoingia, na kwa nini sisi walimu wa lugha tuijali historia hiyo.

Tuanzie Amani, katika milima ya Usambara. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapo na Wajerumani mwaka 1902 kilikuwa, kufikia miaka ya 1930, kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Hapo ndipo alipofanya kazi Geoffrey Milne, mkemia wa udongo. Yeye na wenzake wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walipewa kazi ya kuchora ramani ya udongo wa eneo hili lote, na ramani yao ya awali ilichapishwa mwaka 1936.

Kazi yenyewe ilifanywaje? Mtafiti wa udongo na uoto hakukaa maabara akingoja kuletewa vifurushi. Alipita nchi kwa mstari, na kila uoto ulipobadilika alisimama. Aliandika miti na nyasi alizoziona, kisha shimo likachimbwa ili upande wake uonekane tangu juu hadi chini: rangi, kina, mawe, mizizi ilipofika. Alilowesha donge kidogo la udongo na kulifinyanga kwa vidole ajue kama ni kichanga au mfinyanzi. Alidondoshea tindikali, povu likitoka, udongo huo una chokaa. Yote haya aliyaandika kwenye daftari kabla ya kusonga mbele.

Katika safari hizo Milne aligundua jambo ambalo baadaye lilienea duniani. Aliona kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo, bali hufuatana kwa utaratibu uleule kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, na kilima kinachofuata hurudia utaratibu huo. Mwaka 1935 aliuita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Sisi wa Uganda tunaweza kuuona mnyororo huo bila kwenda mbali. Juu ya vilima vingi vya Buganda pana udongo mchache juu ya mwamba wa changarawe. Mteremkoni pana udongo mwekundu wenye kina, penye migomba. Chini zaidi pana kichanga cha kijivu. Na bondeni ni kinamasi cha mafunjo.

Mkulima alikwisha kuyatenga haya kwa majina. Waganda husema liddugavu kwa udongo mweusi, limyufumyufu kwa mwekundu, na luyinjayinja kwa ule wenye mawe. Wasukuma nao wana luseni kwa udongo wa kichanga wa mteremkoni, itogolo kwa ule mgumu wa chini yake, kisha mbuga. Ukiyapanga majina hayo ya Kisukuma kufuata mteremko, una katena mkononi. Milne alileta maelezo ya kisayansi ya chanzo cha mfuatano huo, na hilo si jambo dogo. Lakini pale ambapo lugha yake haikuwa na neno, aliliacha neno la wenyeji kama lilivyo. Alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari yake ya Tanganyika ya Desemba 1935 hadi Februari 1936 ilichapishwa mwaka 1947.

Palepale Amani alikuwapo pia mtaalamu wa mimea, P. J. Greenway. Yeye alikabili tatizo ambalo kila mtafiti wa uwandani alilijua: kiongozi wa njia anautaja mti kwa jina lake, na mtafiti hajui ni mti gani katika vitabu vya sayansi. Greenway alitunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili yenye majina ya kisayansi, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya Kamati ya Lugha ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla yake, 1939. Katika kozi zetu tunaisoma sana hii ya pili na kuisahau ile ya kwanza.

Kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Colin Trapnell alianza mwaka 1932 uchunguzi wa ikolojia uliochukua miaka mingi, sehemu kubwa kwa miguu, pamoja na wapagazi na viongozi wa njia. Alichunguza udongo, uoto na kilimo cha wenyeji kwa pamoja, kwa kuwa aliona wakulima wakichagua shamba kwa kutazama miti na nyasi zinazoota hapo. Vitabu vya uchunguzi huo vilitoka mwaka 1937 na 1943, na madaftari yake ya safari yakachapishwa mwaka 2001. Wanasayansi wangali wakiyatumia. Majina ya watu waliomtajia miti hiyo hayako kwenye majalada.

Upo pia mfano wa kinyume. Mwaka 1946 ujumbe wa serikali ya Uingereza ulitumia wiki 9 kuandaa mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, na sehemu kubwa ya ardhi ilikaguliwa kutoka angani. Kazi ilianza Kongwa, Ugogo, mwaka 1947. Udongo wa pale una mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, wakati uleule wa kung'oa karanga. Matrekta yaliharibika, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mpango ulifutwa kwa hasara ya takribani pauni milioni 36. Hatuwezi kusema udongo peke yake ndio uliouangusha. Tunaweza kusema kwamba ugumu wa udongo huo na uhaba wa mvua hauonekani vizuri kutoka kwenye ndege. Unajulikana kwa jembe, na kwa kuwauliza waliolishika.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Vitabu vya shule humpa mwanafunzi maneno matatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Ni maneno mazuri, lakini bibi yake kijijini pengine ana saba au nane, na kila moja linabeba ushauri: hapa panda muhogo, hapa subiri mvua ya pili, hapa usijenge. Bibi akiondoka, maneno hayo huondoka naye, na ushauri wake pia.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu wa leksikografia, wanapokwenda likizo, wafanye alivyofanya mtafiti wa udongo. Waanze kileleni pamoja na mkulima, washuke hadi bondeni, na kila udongo unapobadilika wasimame na kuuliza unaitwaje, unatambuliwaje, unafaa nini. Waandike neno, lugha, mahali na tarehe. Na juu ya ukurasa, kwa ridhaa ya mkulima huyo, waandike jina lake.