Kisigino cha Mwanaume, Kutoka Isfahan Hadi Nkuhungu

Vijana wa miaka ya 1970 waliviita raizoni. Vilikuwa viatu vya soli nene na kisigino kilichopanda juu zaidi ya soli, vikivaliwa na suruali ya bugaluu au pekosi, shati la kola ndefu lililobana kifua, na nywele za afro zilizochanuliwa mpaka zikawa duara. Wanawake walivivaa, lakini wanaume nao walivivaa bila kujificha: makarani, walimu vijana, makonda wa mabasi, wapiga gitaa, wanafunzi wa sekondari wakiwa likizoni. Msomaji aliyezaliwa baada ya 1990 huenda akadhani wanaume hao walionekana wamevaa vitu vya kike. Hasha. Waliitwa wahuni, wakaitwa vibaraka wa utamaduni wa kigeni, wakaambiwa wanachezea pesa. Hakuna aliyewauliza kama ni wanaume.

Leo kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, akikatiza sokoni na kisigino cha kimo kile kile hataitwa mhuni. Ataitwa jina jingine, na jina hilo linaweza kumponza. Kisigino ni kile kile. Lililobadilika ni shitaka, na historia ya shitaka hilo katika nchi yetu ni ndefu kuliko tunavyokumbuka.

Kwa asili kisigino kirefu ni kifaa cha mpanda farasi. Wapiganaji wa Uajemi walihitaji kusimama juu ya vikuku vya tandiko ili wapige mishale huku farasi akikimbia, na kisigino ndicho kilichozuia mguu usiteleze. Shah Abbas wa Kwanza, mfalme aliyeifanya Isfahan kuwa mji mkuu wake, alituma ujumbe Ulaya mwaka 1599, na katika karne iliyofuata wakuu wa Ulaya walivipenda viatu vya namna hiyo hata wasipokuwa na farasi. Mchoro maarufu wa Louis wa 14 wa Ufaransa, uliochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, unamwonyesha mfalme na visigino vyekundu, mguu mmoja ametanguliza ili tuvione vizuri. Karne ya 18 ilipokuwa ikiisha, wanaume wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuviacha na kuwaachia wanawake. Basi hata huko kunakosemekana kuwa ndiko ulikotoka uhuni, kisigino kilianza kwa askari na mfalme.

Pwani yetu ilikuwa na kiatu chake cha kumwinua mtu. Mtalawanda ni ubao uliochongwa ukaachiwa miguu miwili chini, ya mbele na ya nyuma, na juu yake kuna msuruaki, kile kijiti kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Lamu, Mombasa na Unguja ulivaliwa na wanaume kwa wanawake, uani, bafuni na kwenye sehemu za kutawadhia. Kazi yake ilikuwa kuuweka mguu safi juu ya maji machafu. Mzee aliyetoka birikani kuelekea kwenye safu ya swala akigongagonga mtalawanda sakafuni alikuwa ameinuliwa inchi kadhaa kutoka ardhini, na hakuna aliyemcheka, maana kimo kile kilihesabiwa kuwa ni usafi.

Palipokuwa na ukali ni pale palipoulizwa nani ana haki ya kuvaa kiatu chochote. Unguja ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Makubadhi ya ngozi na kofia vilikuwa alama za mtu huru. Ndiyo maana baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba, waliokombolewa walikimbilia kofia, kanzu na viatu, na mabwana wao wa zamani wakanung'unika kwamba siku hizi huwezi kumjua nani ni nani. Manung'uniko hayo tutakutana nayo tena.

Huku bara mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, nchi inayoizunguka Dodoma, na watemi wa Kigogo waliwatoza wapita njia hongo kabla ya kuwaruhusu wateke maji. Wapagazi wengi waliyapita maeneo hayo ya mchanga na miiba wakiwa peku au na ndala za ngozi. Kwa Wagogo wenyewe urembo wa mwanaume haukuwa miguuni. Vijana walisuka nywele, wakajipaka udongo mwekundu, wakatoboa masikio na kupanua ndewe kwa mapambo mazito. Kijana aliyejipamba hivyo alikuwa amekamilika machoni pa wenzake na pa wasichana. Nalisema hili kwa sababu kuna hoja inayorudiwa sana siku hizi, kwamba mwanaume wa Kiafrika hakuwa na haja ya kujipamba. Anayeisema hajawahi kuangalia picha za zamani za Ugogo.

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma ilileta stesheni, makarani na buti. Kiatu cha ngozi chenye kisigino cha kugonga sakafu kikawa sauti ya ofisi. Askari wengi wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana Vita Kuu ya Kwanza wakiwa peku, na watumishi wa nyumba za wazungu walihudumia mezani bila viatu, kwa hiyo karani mweusi aliyevaa viatu vilivyong'arishwa alikuwa amedai cheo hata kabla hajafungua mdomo. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyoenea mpaka bara, viliigiza magwaride ya kizungu kwa sare na vyeo, na wakoloni hawakujua wacheke au waogope.

Tuje kwenye Uhuru, ambapo mambo yalinoga. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku. Kabla hata ya tarehe hiyo makundi ya vijana yalianza kuwasumbua wanawake Kariakoo, wakisimamisha mabasi na kuwashusha waliovaa sketi fupi. Magazeti yalijaa barua. Baadhi ya wasomaji waliuliza swali zuri: ikiwa sketi fupi si utamaduni wetu, mbona mavazi ya jadi ya makabila kadhaa yanaacha mwili wazi zaidi? Swali lilikuwa na makali, kwa sababu mwaka huo huo serikali ilikuwa ikiendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai. Mmasai akaambiwa avae suruali, na kijana wa Dar es Salaam akaambiwa suruali yake inabana mno. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, aliupiga marufuku muziki wa soul jijini.

Na hapo ndipo mitindo ilipoicheza shere operesheni. Vijana walioambiwa suruali zao zinabana walizipanua. Bugaluu haikubana popote kuanzia gotini kwenda chini. Ilifunguka kama tarumbeta, nayo ikaonekana kuwa uhuni zaidi ya ile ya kubana. Visiwani Baraza la Mapinduzi liliikataza, na Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka 1973 iliyowabana wanawake wa suruali na sketi fupi pamoja na wanaume wa nywele ndefu na suruali za mapana.

Raizoni zilikuja nyuma ya suruali hiyo kwa sababu ya ufundi zaidi ya ujeuri. Pindo la bugaluu lilikuwa pana kiasi cha kukifunika kiatu chote, na lilishonwa likakaribia kugusa chini. Bila kisigino, linafagia. Dar es Salaam linafagia lami. Dodoma linafagia tifutifu jekundu, na mpaka ufike kwenye dansi suruali yako nyeupe ina ukingo wa kahawia usiotoka kwa sabuni ya kipande. Soli nene iliinua kitambaa kutoka vumbini. Aliyevaa alipata kimo, suruali ikapata usalama, na mwendo wenyewe ukabadilika: huwezi kukimbia na raizoni, wala kukunja mguu vizuri, kwa hiyo unatembea polepole, goti likitangulia, mabega yakiyumba kidogo. Wazee waliuita mwendo huo maringo. Kwa kiasi kikubwa ulikuwa tahadhari ya kutoteguka.

Dodoma yenyewe wakati huo ilikuwa ikibadilishwa. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Mpango wa mji ulikamilika mwaka 1976 mikononi mwa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ulikusudia mji wa watu wa kawaida, wa kutembea kwa miguu na kupanda basi, wenye makazi yaliyopangwa kwa nyumba kumi kumi. Jambo la pembeni: Toronto hiyo hiyo ndiko liliko Jumba la Makumbusho la Viatu la Bata, lililofunguliwa rasmi mwaka 1995, ambalo mwaka 2015 liliweka maonyesho maalumu ya historia ya wanaume na visigino. Na Bata ni miongoni mwa kampuni ambazo serikali yetu ilichukua hisa nyingi zake hapa nchini mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Mji uliochorwa Toronto ili wananchi watembee, na hifadhi ya viatu iliyojengwa Toronto na familia ambayo hapa tulitaifisha kampuni yao. Sitalazimisha maana yoyote hapo.

Vijana waliokuja kutafuta kazi za ujenzi na ukarani walikuja na raizoni zao. Muziki nao ulikuwa nyumbani: Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946, alikuwa ameunda Afro 70, bendi iliyoiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC Lagos mwaka 1977. Kutoka Zaire zilikuja bendi, na kwenye sinema zilikuja filamu za Wamarekani weusi kama *Shaft* ya 1971. Kijana alikuwa na mahali pengi pa kunakilia.

Lawama dhidi yao zilikuwa za kijamaa. Mvaa raizoni alikuwa mzururaji, mtu asiyeshika jembe, na kweli huwezi kulima na raizoni. Ukisikiliza vizuri, manung'uniko ni yale yale ya waungwana wa Unguja: huyu amejiinua kuliko nafasi yake. Tofauti ni kwamba nafasi sasa ilipangwa na chama.

Hakuna operesheni iliyoziua raizoni. Ziliuawa na rafu tupu. Baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, na viatu vikawa bidhaa adimu, vya kupangia foleni kwenye duka la serikali la RTC. Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa lengo la kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya, hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake kabla ya kufungwa mwaka 1990. Watu walivaa katambuga za matairi. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa 1983, kiatu kipya chochote kilikuwa na maelezo ya kutolewa. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na rais aliyepewa jina la Mzee Ruksa alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, viatu vilirudi kwa marobota ya mitumba, lakini mtindo ulikuwa umekwisha. Wanaume walichagua raba, moka na buti.

Pengo hilo ndilo lililofuta kumbukumbu. Kizazi kilichokua katika miaka ya 1990 hakikuwahi kumwona baba akivaa kisigino. Kilimwona mama na mchuchumio wa kwenda harusini, basi. Mwanaume wa kisigino ambaye kizazi hicho kilimwona alikuwa jukwaani: mchekeshaji Joti wa kundi la Orijino Komedi akiwa amevaa kama mama, na ukumbi mzima ukicheka. Jukwaani ruksa. Nje ya jukwaa hofu imekuwa nyingine, hasa tangu Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, tangazo ambalo serikali ililikana siku chache baadaye. Sasa kiatu kinasomwa kama ushahidi wa mambo ambayo raizoni hazikuwahi kuulizwa.

Fundi viatu wa Nkuhungu anayakwepa mambo hayo kwa kazi. Chini ya mwavuli uliofifia ana msharasi, uzi uliopakwa nta, kopo la gundi na vipande vya tairi. Kiatu cha bwana harusi kimeletwa kiongezwe. Anachomoa soli ya ndani, anakata kipande cha raba chenye mteremko, kinene kisiginoni na chembamba kuelekea vidoleni, anakipaka gundi, anasubiri ikauke kidogo, anakibandika, kisha anarudisha soli juu yake. Kwa nje huoni kitu. Bwana harusi ataongezeka kimo kwenye picha, na mteja huyo hataki kisigino chake kionekane hata kwa bei gani. Fundi anacheka anapoambiwa kwamba fundi wa mwaka 1975 aliombwa kinyume chake, azidishe tabaka mpaka watu wageuke.

Hatua chache kutoka kwa fundi huyo kuna sebule ya mzee mmoja aliyekuja Dodoma kufanya kazi na CDA ikiwa changa. Ukutani kuna picha ya studio, nyeusi na nyeupe: kijana mwembamba, mkono mmoja kiunoni, pazia la maua nyuma yake, suruali imepandishwa makusudi ili raizoni zionekane. Wajukuu wanaitania picha hiyo kila likizo. Mmoja alimwuliza mbele yangu, "Babu, hivi viatu si vya bibi?"

"Vyangu," alijibu bila kugeuka. "Bibi yako alikuwa akiviazima, na kuvirudisha ilikuwa mpaka nimdai."