Klabu Kabla ya Medali: Michezo na Ufundishaji wa Historia ya Ubaguzi wa Rangi Pwani

Mnamo Novemba 1962, mwaka mmoja kabla ya Kenya kujipatia uhuru, kijana wa Mombasa aitwaye Seraphino Antao alishinda mbio za yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia. Hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Asili yake ilikuwa Goa. Mwaka 1964 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Tokyo.

Mwalimu wa historia wa Mkongani, kaunti ya Kwale, ana bahati: mji wa Antao uko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Lakini akiishia kwenye medali, wanafunzi watadhani dhahabu ndiyo iliyoubomoa ubaguzi. Michezo huifundisha historia hii barabara pale darasa linapoanza na klabu: nani aliandikishwa uanachama, nani alikatazwa, na nani aliingia kufyeka nyasi tu.

Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa mafungu ya Wazungu, Waasia, Waarabu na Waafrika, na shule zikafuata mpango huohuo. Antao mwenyewe alisomea shule ya Wagoa. Katika kriketi, kuanzia 1933, mechi kubwa ya mwaka iliwakutanisha Wazungu na Waasia. Rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa timu.

Riadha ilitangulia kulegea. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikimbia London, na Maiyoro akamaliza wa nne katika maili tatu huko Vancouver. Hata hivyo, ilikuwa 1964 ndipo Tume ya Ominde ilipopendekeza elimu isiyotenganisha watoto kwa rangi. Yaani wakubwa walishavaa jezi moja ng'ambo huku wadogo zao wakiwa bado madarasa mbalimbali nyumbani. Pengo hilo la miaka kumi lina mafunzo mengi kuliko medali yenyewe.

Mpira wa magongo unaonyesha upande wa pili. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 mjini Barcelona, ikitegemea sana wachezaji wenye asili ya Kiasia. Wengi wa jamii hiyo walipohamia Uingereza na kwingineko, mchezo ulidhoofika. Marufuku ilikuwa imeondoka, lakini magongo, makocha na viwanja havikuwa vimefika shule za vijijini kama za Kwale.

Wapo watakaosema Afrika Kusini yatosha kuwa mfano, hasa kwa kuwa Kenya iliisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kupinga New Zealand kushiriki baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini. Mfano huo ni muhimu, ila ukifundishwa peke yake, mtoto wa Mkongani atauona ubaguzi kuwa jambo la ugenini.

Kipindi cha kwanza kinaweza kufanyika nje. Wanafunzi wapime mita 91 na sentimita 44, ambazo ndizo yadi 100, wakimbie, kisha walinganishe muda wao na sekunde 9.5 za Antao. Kipindi cha pili kiwe cha wazee waliofanya kazi Mombasa: walicheza uwanja gani, na nani alikaa kivulini? Cha tatu kiwafikishe Diani, kwenye uwanja wa gofu. Hapo sheria haimzuii mtu kwa rangi, lakini ada na bei ya vifaa vinamzuia nani?

Mtihani nao ubadilike. Badala ya kuuliza tu mwaka wa ushindi wa Perth, umtake mwanafunzi aeleze kwa ushahidi ni kizuizi gani kilichokuwa kimeondoka ifikapo 1962, kipi kilibaki, na nani alinufaika na kubaki kwake.