Msasa Kabla ya Karatasi

Mashine niliyojiundia nyumbani ni rola ya mbao iliyoviringishiwa msasa na kuzungushwa na mota. Ubao hupita chini yake ukatoka na unene mmoja. Isaac Fisher wa Vermont, Marekani, alipata hataza za kutengeneza karatasi hiyo mwaka 1834. Jina letu halikutoka huko. Msasa ni mti, Ficus exasperata, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka; maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipofika ikarithi jina.

Jani lilikwenda kwa mkono, vumbi likaanguka miguuni. Mota hulirusha hewani, na tangu 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Feni yangu ya kulifyonza iligharimu kuliko mota.