Pai za matunda za kuoka nyumbani: mafuta, sukari na usalama wako jikoni

Pai ndogo za matunda zenye ganda la tabaka tabaka zimeanza kuokwa majumbani mwetu. Wapo wanaozioka kwa ajili ya futari, wapo wa sherehe za watoto, na wapo wanaouza asubuhi karibu na vituo vya daladala. Swali ambalo wauguzi wa jamii tunaulizwa mara nyingi ni hili: kwa kuwa ndani kuna tunda, je, ni chakula cha afya?

Tunda ni zuri, ila tatizo haliko kwenye tunda. Liko kwenye ganda, na kwenye kile unachochanganya na tunda.

Ganda linaumukaje bila hamira?

Kama unajua kusukuma chapati, tayari unaelewa nusu ya kazi. Chapati unaipaka mafuta, unaikunja, unaisukuma tena, na mafuta yanazuia tabaka zisishikane. Ganda la pai ni hivyo hivyo, isipokuwa mafuta huwa yameganda na ni mengi zaidi. Likiingia kwenye oveni yenye moto mkali, maji yaliyo kwenye donge na kwenye siagi yanageuka mvuke, mvuke unazinyanyua tabaka, na mafuta yanazikausha zikawa nyepesi.

Kwa namna ya kawaida ya kiwandani na ya waokaji wa mahotelini, uzito wa siagi hukaribia kulingana na uzito wa unga. Tupige hesabu. Unga wa ngano gramu 250 na siagi gramu 250 vinatoa pai ndogo 12. Kila pai inakuwa na mafuta kama gramu 17, na zaidi ya gramu 10 kati ya hizo ni mafuta shibe, yaani yale yanayoganda kwenye joto la kawaida na kupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibe yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Pai mbili ndogo, kabla hujagusa nyama wala maziwa, zinamaliza kiwango cha siku nzima.

Mafuta gani utumie

Hapa ndipo nakuomba usome taratibu, maana kosa la wengi ni kukimbia siagi na kwenda kwenye kitu kibaya zaidi.

Majarini ngumu na mafuta ya kupikia ya kuganda yanauzwa kwa bei nafuu, na makopo yake mara nyingi yameandikwa kwamba hayana kolesteroli. Maneno hayo ni kweli, lakini hayakusaidii. Mafuta yoyote ya mimea hayana kolesteroli ya kutajika. Swali ni jinsi mafuta hayo yalivyogandishwa. Yakigandishwa kwa haidrojeni bila kukamilisha, hutokea mafuta aina ya transi. Haya yanapandisha lehemu mbaya na wakati huo huo yanashusha ile nzuri, na yanaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kuliko siagi yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito kwa nchi zote kuyaondoa mafuta ya transi yanayotokana na viwanda kwenye vyakula ifikapo 2023. Nchi nyingi zimeweka sheria, nyingine bado.

Kwa hiyo geuza kopo usome viungo. Maandishi mengi ni ya Kiingereza. Neno la kutafuta ni hydrogenated, na likitanguliwa na partially rudisha kopo hilo rafuni. Mafuta ya kuganda yanayochotwa kwa kijiko na kupimwa kwenye mfuko hayana maandishi yoyote. Hayo usiyatumie kuokea.

Utauliza kuhusu mafuta ya nazi, hasa ukiwa Tanga, Mtwara au Zanzibar. Ni ya asili, ni kweli, lakini yana mafuta shibe mengi kuliko siagi: zaidi ya asilimia 80, wakati siagi ni kama asilimia 50. Samli nayo ni mafuta ya siagi yaliyoondolewa maji, kwa hiyo ni mazito zaidi. Asili peke yake si kipimo.

Zipo njia mbili ninazoshauri. Ya kwanza ni kutumia siagi halisi, lakini nusu: gramu 125 kwa unga gramu 250. Kila pai itakuwa na mafuta kama gramu 8 na mafuta shibe kama gramu 5. Tabaka zitakuwa chache kidogo ila zitaonekana. Ya pili ni ya mtu mwenye lehemu nyingi au aliyewahi kupata shida ya moyo: sukuma donge jembamba, lipake mafuta ya alizeti kidogo kidogo kama unavyofanya kwenye chapati, likunje na ulisukume tena mara tatu. Vijiko vya chakula 4 vinatosha unga wote huo. Halitaumuka kama la dukani, lakini litakauka vizuri na kukatika mdomoni. Kusema kweli mimi hili ndilo ninalolipenda.

Ndani ya pai

Jamu ya kopo ni rahisi, na ndiyo inayoharibu hesabu yote. Zaidi ya nusu ya uzito wa jamu nyingi ni sukari. Kijiko cha chakula kimoja ndani ya pai ni sawa na kuweka vijiko vya chai viwili hadi vitatu vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, kama vijiko vya chai 12, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Pai mbili za jamu na chai yenye vijiko vitatu, umeshavuka hiyo nusu kabla ya saa nne asubuhi.

Tumia tunda lenyewe lililoiva sana. Nanasi lililoiva, likatwe vipande vidogo na kupikwa kwenye sufuria bila maji wala sukari mpaka majimaji yake yakauke, linakuwa tamu vya kutosha. Embe dodo nalo halihitaji kitu. Maepo ya Njombe yana uchachu kidogo. Mdalasini na iliki vinasaidia ulimi kuhisi utamu bila sukari. Kama majimaji ni mengi, korogea kijiko cha chai cha unga laini wa kukazia mchuzi, ule mweupe wa wanga wa mahindi. Mchanganyiko uwe mzito na uwe umepoa kabisa kabla ya kuujaza, vinginevyo unayeyusha siagi na ganda linakuwa gumu kama kiatu.

Asali na sukari guru haziponyi tatizo. Mwilini zinapandisha sukari ya damu kama sukari nyeupe, na ukizitumia zihesabu vivyo hivyo.

Kuoka

Changanya unga na chumvi nusu kijiko cha chai (kama siagi ina chumvi tayari, acha), katia siagi ya baridi vipande vidogo, ongeza maji baridi kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Usilikande kama la maandazi. Lipumzishe mahali pa baridi nusu saa, lisukume mstatili, likunje mara tatu kama barua, lipumzishe, rudia mara tatu. Kata miraba, jaza kijiko kimoja cha tunda, kunja, bana kingo kwa uma, na utoboe juu mvuke upate pa kutokea. Oka kwenye nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, mpaka chini pia pawe na rangi ya kahawia. Usionje donge bichi, na usiwape watoto walichezee na kulilamba. Unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na yai la kupaka juu vilevile.

Huna oveni? Wengi wetu hatuna. Sufuria nzito yenye mchanga chini, moto wa mkaa chini na makaa juu ya mfuniko, inaoka vizuri. Lakini fanya nje au barazani. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kuoka kunachukua muda mrefu kuliko kuchemsha chai. Ukiwa chumbani umefunga dirisha kwa sababu ya mvua, dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Toka nje mara moja na uwatoe wengine wote. Aliyezimia au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali hata akizinduka. Na usiingize jiko ndani usiku ili lipashe nyumba joto.

Mwenye kisukari anaweza kula?

Anaweza, kwa hesabu. Pai moja ndogo ya vipimo tulivyotaja, bila sukari ya kuongeza, ina wanga kama gramu 20, kati ya kipande kimoja na kimoja na nusu cha mkate wa kukata. Kwa hiyo iwe badala ya mkate, si juu yake. Kunywa chai bila sukari, na kwenye mlo huo punguza ugali au wali.

Kuna jambo moja linalowadanganya watu. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Ukila pai na kupima sukari baada ya saa 2, unaweza kuona namba nzuri ukafurahi, halafu ikapanda baadaye. Kama una kipimo nyumbani, siku ya kwanza pima baada ya saa 2 na tena baada ya saa 4, uandike. Nenda na daftari hilo kliniki. Usijiongezee dozi ya insulini mwenyewe kwa sababu ya pai.

Kwa sababu hiyo hiyo, pai si dawa ya sukari iliyoshuka. Hili naomba na wanafamilia walisome. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari: anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anasikia njaa kali au anaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Ukimpa pai, keki au chokoleti, mafuta yatachelewesha sukari kuingia kwenye damu wakati yeye anaihitaji sasa hivi. Mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, pimeni tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda ndipo ale chakula, na hapo hata pai inafaa. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Watoto

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hahitaji pai. Mpe tunda lililopondwa. Ukipaka asali juu ya pai, aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata asali iliyookwa, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga na kuzuia pumzi. Mkubwa wa shule apewe moja, akae chini wakati wa kula, asikimbie nayo.

Kuhifadhi na kuuza

Pai ya tunda tupu lililopikwa inakaa siku moja hadi mbili kwenye chombo chenye mfuniko, ikiwa imepoa kwanza. Kwenye joto la Dar es Salaam mwezi Januari mimi nisingezidisha siku moja, hasa ikiwa haina sukari, kwani sukari ndiyo inayosaidia kuzuia kuharibika. Yenye krimu, maziwa au kastadi ni habari nyingine: isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Kama unauza mtaani bila friji, achana na kastadi. Chukua pesa kwa mkono mmoja na shika pai kwa koleo, au mtenge mtu wa pesa.

Ukiungua

Tunda ndani ya pai linabaki la moto muda mrefu baada ya ganda kupoa, na linaganda kwenye ngozi. Subiri dakika 15 kabla ya kumpa mtu. Likimwagikia mtu, weka sehemu iliyoungua kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Kama bomba halina maji, mimina kwa kopo kutoka ndooni bila kuacha. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, yai, unga, asali wala mafuta, na usitumie barafu. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Nenda kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, kama liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu, na kila mara aliyeungua akiwa mtoto mdogo.